Umeshika Nini, Unasubiri Nini?

Mtunza stoo wa kijiji chetu cha ujamaa, kule Biharamulo, alikuwa mama mwenye sauti ya chini na vidole vya wino. Aliyechelewa kurudisha kifaa hakumfokea. Alifungua daftari la kuazima akamwuliza: "Umeshika nini? Unasubiri nini?" Zamani alizunguka kuuliza hivyo kila Jumatatu. Vita vilipoanza na dizeli ikaadimika, akawa anazunguka kila asubuhi, kabla hata ya kunywa uji.

Asubuhi moja ya mwaka 1979, nikiwa muuguzi wa zahanati, nilimkimbilia. Mjamzito mmoja, Restituta, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto amekaa vibaya, lakini lori la kijiji la kumpeleka hospitalini halikuwa na dizeli. Dizeli ya mwisho alikuwa nayo Gozbert wa trekta, akisubiri jeki abadilishe gurudumu. Jeki alikuwa nayo Privatus, dereva wa lori, naye aliapa kutoitoa mpaka apewe dizeli. Mtunza stoo aliwaita, akawasikiliza wote wawili huku kidole chake kikipita kwenye daftari.

"Gozbert mwanangu, rudisha dizeli. Hujaanza kulima, hupotezi kitu."

"Kila siku nirudi nyuma mimi, mama?"

"Hapana," alisema, na papo hapo akaandika jina la Gozbert juu kabisa ya orodha ya mgao ujao wa dizeli.

Gozbert akarudisha dizeli, Privatus akakabidhi jeki, lori likaondoka, na Restituta akajifungua salama hospitalini. Dizeli ilipofika wiki iliyofuata, mtunza stoo alijitwika debe la kwanza, akalipeleka mwenyewe shambani kwa Gozbert.