Niliazimisha Sindano ya Mdogo Wangu

Nimekosa mimi, si mwingine. Nayasema kwenu kwa sababu nyumbani kwangu hayasemeki.

Mdogo wangu Ngoie ana ugonjwa wa sukari tangu utotoni. Asipodungwa dawa kila siku, hafiki juma. Mama alipofariki, kazi hiyo ikawa yangu. Tulikuwa na sindano moja tu ya kioo.

Hapa mjini Kamina zahanati ilikuwa tupu. Majirani wa kambi ya reli wakaniletea penisilini zao niwadunge. Nikawadunga kwa sindano ileile! Wake wa askari wakaja kutoka base, kambi ya jeshi. Wakaniita Mama Munganga, yaani Mama Daktari. Jamani, nilivyolipenda jina hilo! Makaa yakikosekana, sikuichemsha sindano. Niliisuuza kwa maji ya chai, basi.

Ngoie akaolewa na Ilunga, kondakta wa treni ya Kaniama. Walikaa jirani, nikaendelea kumdunga. Mwaka wa pili akakonda, homa haikatiki, vidonda mdomoni. Nikasema ni sukari. Tulipokwenda kusikia majibu ya damu, daktari alifunga mlango nyuma yetu.

"Iko na kadudu kamoja mu damu," akasema. "Kanaingia mu basoda ba mwili, bale banatulindaka, kanabaua. Na hii sukari yake, atachoka mbio. Njo SIDA." Yaani UKIMWI.

Ngoie akamrukia mumewe. "Weye! Weye na banamuke ba ma gare, bale ba ku stesheni!"

"Hapana miye, Ngoie, naapa!" Ilunga akanigeukia akilia, akiniita dada mkubwa kama Ngoie anavyoniita. "Yaya, sema naye!"

Mimi nilikuwa nawahesabu moyoni wanawake wawili wa base niliowadunga, waliokufa wamekonda vilevile. Nikamshika Ngoie mkono, nikamtoa nje. Ee Mungu wangu!

Ngoie akamfukuza Ilunga. Amerudi kwao Malemba na aibu isiyo yake.

Sasa Ngoie analala chumbani kwangu. Kila asubuhi ananinyooshea mkono. "Yaya, bila weye ningekuwa nilishakufa."

Nikimwambia, ataukataa mkono wangu, na hakuna mwingine wa kumdunga. Nikinyamaza, Ilunga anaendelea kulaaniwa. Nitokee wapi?

Ninyi mnaodunga watu majumbani kwa kupenda sifa, chemsheni! Na mkiisha kukosa, semeni palepale, kabla mwingine hajabebeshwa. Mimi nilinyamaza dakika moja mbele ya daktari. Leo imetimia miezi minane, na bado sijasema.