Kungoja Sungura wa Essex

Kila Januari mume wangu alikuwa akilala kifudifudi kwenye zulia la sebule yetu ya Edmonton, London, ufagio begani, jicho moja kalifumba, akiulenga mguu wa meza ya televisheni. Mimi nilimruka nikipeleka nguo kwenye mashine. Watoto walimruka wakienda kutazama katuni. Baba yake peke yake ndiye aliyekaa kitini akamwangalia kwa makini, kama mwalimu wa chuo anayemsikiliza mtoto akisoma juzuu, na mara kwa mara aliinama akamrekebisha kiwiko.

Ufagio ule ulikuwa bunduki. Bunduki ya kweli ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la chuma huko Essex, nyumbani kwa mkulima mmoja, kaka wa fundi aliyefanya kazi na mume wangu kwenye gereji ya mabasi. Ilikuwa bunduki ndogo, wenyewe wakiiita tuu-tuu, risasi zake kama kokwa za tende. Kazi yake ilikuwa sungura. Sungura walimlia mkulima yule shayiri yake ingali changa na kumtobolea shamba zima mashimo. Kwa hiyo kila mwaka baada ya Pasaka, nyasi zikiwa bado fupi na wanyama wakionekana, aliwaita ndugu na marafiki wa ndugu waje wampunguzie. Shayiri ikishafika magotini, sungura hawaonekani tena, na msimu umekwisha. Sheria ilimruhusu mtu asiye na kibali kupiga kwa bunduki ya mwenye shamba, mradi mwenyewe awepo ubavuni pake. Mume wangu hakuwa na kibali. Alikuwa na ufagio, na baridi nzima ya kungoja.

Baba mkwe alikuja kutoka Pemba baada ya mkewe kufariki. Karatasi zake za kukaa zilikuwa tayari, chumba kilikuwa tayari, ila yeye mwenyewe hakuwa tayari. Alisema amekuja kuwaona wajukuu tu. Sanduku lake alilisimamisha nyuma ya mlango, akawa anatoa shati mojamoja kama mtu aliyepanga hotelini.

Tena hakula nyama. Mtaani kwetu kulikuwa na bucha za halali hadi mtu unachagua, kila moja na cheti chake ukutani, lakini mzee alisema mchinjaji hamjui, baba wa mchinjaji hamjui, na cheti hakina mdomo. Alikula samaki, mayai, kunde na mkate. Siku nikipika nyama, alifungua dirisha.

Hakuwa na wasiwasi wa bure. Alikuwa na desturi. Ujanani alikuwa mkuu wa wasasi, wale wa kuwinda mwituni, kijijini kwao. Walisasa paa, na sheria yao ilikuwa moja: anayeua hulitaja jina la Mungu kwa sauti, wenzake wasikie. Aliyesikia anakula. Asiyesikia hali, na wala hapana wa kumlaumu. Mume wangu, ambaye chuo alikisoma vizuri, alimweleza kwamba kwa madhehebu yetu kupiga bismillahi wakati wa kuchinja ni sunna, na kwamba Mwislamu mwenzio humdhania mema.

"Mdhanie wewe," mzee akasema. "Mimi nyama naila kwa masikio kwanza."

Mambo yaliharibika siku ya Idi. Sebule ilijaa Wapemba, wengine wametoka Ilford, wengine sijui walitoka wapi, na mzee amekaa katikati na sahani ya wali mtupu. Mgeni mmoja wa rika lake akamuuliza, "Sasa, sheikh, utakaa nasi huku au utarudi?"

Mzee akaweka kijiko chini. "Mwanangu kan'ambia kuna wanyama wa mwitu huko mashambani kwao. Siku n'takayoisikia bismillahi yake kwa masikio yangu, n'kaila nyama ya mkono wake, n'tajua kazi yangu kwake imekwisha. Siku hiyo narudi kwetu."

Watu wakasema inshallah. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vikombe, nikageuka nayo jikoni bila kumpa mtu kikombe. Kama hujapata kuishi na Wapemba wa umri ule, nikuelezee: neno la mzee mbele ya wageni halirudi. Hata akilijutia kesho yake, atapanda nalo ndege.

Nami sikutaka aende. Nasema waziwazi, kwani wakati ule sikumwambia mtu. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikiwaogesha wazazi wa watu, na nikirudi nilimkuta mzazi wa mume wangu amenichemshia chai ya tangawizi. Swali lake lilikuwa lilelile: "Leo wamekuudhi?" Katika London nzima hakuna mtu mwingine aliyeniuliza hivyo kwa lugha yangu. Mume wangu alikuwa na shifti zake. Watoto ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, tena kwa kifupi. Mzee alikaa nami jikoni nikipika, akichagua mchele wa paketi usio na hata jiwe moja, ilimradi mikono iwe na shughuli huku akinisimulia. Baba yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, hakupata kukaa jikoni na mimi hata mara moja. Huyu niliyempata kwa kuolewa nilimpenda kuliko nilivyotegemea.

Basi nyumba ilikuwa ikiungoja msimu wa sungura, na mimi nikiungoja kama mtu anavyongoja kung'olewa jino.

Msimu wa kwanza ulinifurahisha sana. Sikwenda, niliusikia ukisimuliwa kila Jumapili jioni na mume wangu, akiwa amelowa hadi kifuani. Bunduki ile, alisema, ilifungwa kizuia sauti mdomoni, ikilia kama mlango wa kabati. Mkulima alitembea kwa ncha za viatu vya mpira. Hata makamasi aliyafuta bila kupenga. Yote hayo ili sungura wasishtuke. Ndipo mume wangu, amelala kwenye umande, baba yake amesimama langoni ametega sikio, alipovuta pumzi na kutangaza, "Bismillahi Allahu akbar!"

Shamba zima likawa jeupe kwa mikia ya sungura wanaokimbia. Ilikuwa miaka ya tisini. Miaka michache baadaye tusingethubutu kulitamka neno lile tukiwa na bunduki.

Mkulima alimuuliza kama hiyo ni sala. Mume wangu akasema ndiyo. Mkulima akasema ni sala nzuri, lakini je, haiwezekani kuisali garini kabla ya kushuka?

"Haiwezekani," mume wangu akamjibu, akaeleza habari za wasasi wa Pemba, mwanzo hadi mwisho. Mkulima alimsikiliza, akamtazama mzee pale langoni na kofia yake na koti lililomfika miguuni, akasema anaelewa. Yeye naye alikuwa na baba.

Nilishauri kwa unafiki mkubwa kwamba labda mume wangu anong'one. Nilijua jibu.

"Msasi hanong'oni," mzee akasema. "Anayenong'ona ni mwizi."

Jumapili zikapita, shayiri ikapanda, wakarudi mikono mitupu hadi mwisho. Nilikaanga samaki nikiimba. Binti yangu mkubwa, ambaye darasani kwao kulikuwa na sungura wa kufugwa aliyejulikana shule nzima, naye alifurahi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule mimi na yeye tulikuwa upande mmoja.

Nilidhani mkulima atachoka. Sikuwa nikimjua. Baridi ya pili ilipoingia alipiga simu nyumbani akataka kusema na mume wangu. Alikuwa amefikiri, alisema. Sungura wake hawakimbii trekta, kwa sababu wamelizoea. Mbwa wa jirani wanamsikia kila siku na hawana habari naye. Tatizo basi si sauti. Tatizo ni ugeni wa sauti. Akaomba afundishwe yale maneno.

Mume wangu alimfundisha kwenye simu, kipande kwa kipande. Kuanzia siku ile, kila jioni, mkulima wa Kiingereza ambaye kanisani alikwenda Krismasi tu alitembea kwenye ukingo wa shamba lake na kuwapigia sungura bismillahi. Mara kwa mara alipiga simu kutoa taarifa. Mwezi wa kwanza walikimbia wote. Mwezi wa pili walikimbia, wakarudi upesi. Kufikia Machi walikuwa wanainua vichwa, wanamtazama, na kuendelea kula.

Mume wangu alicheka hadi akakaa chini, kisha akashika ufagio wake na kurudi zuliani kwa ari mpya. Mimi nilikwenda chooni nikafunga mlango. Nimeomba mambo mengi maishani mwangu, lakini sidhani kama kuna mwingine London hii aliyepata kuwaombea sungura wawe wakaidi.

Mzee alipoambiwa habari ya mkulima, alivua kofia, akaivaa tena. "Mzungu huyo ana adabu," akasema. Jioni ile hakurekebisha kiwiko cha mtu.

Wiki iliyofuata nilimkuta uani, ameinama kwenye boksi la mbao aliloliokota mahali, anapanda mchicha. Mbegu aliletewa na mtu kutoka nyumbani, zimefungwa kwenye karatasi.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mchicha huo, kwa baridi ya huku, hauwi tayari mpaka mwezi wa saba."

"Najua," akasema, bila kuinua uso.

Msimu ulikuwa unakwisha mwezi wa tano. Alijua hivyo na mimi nilijua. Nilisimama pale na kapu la nguo nikitaka kumwambia, Baba, kaa, lakini mkwe hamwambii mkwewe alivunje neno lake. Nikaanika nguo.

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka nilibadilishana shifti na mwenzangu Mkenya. "Unaenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia naenda Essex kuua sungura. Alinitazama, akasema, "Sawa, sister, pumzika tu. Hii job inachosha mtu."

Tulikwenda na gari la mwenzake mume wangu. Mzee alikaa mbele, kanzu ndani ya koti, mikono juu ya fimbo, hadi tunafika. Mkulima alitupokea kwa furaha ya mtu aliyefaulisha darasa. Akatupeleka hadi kwenye ua wa miti unaopakana na shamba, akatuonyesha kwa kidole, na kweli walikuwepo: sungura wametapakaa kwenye nyasi kama viatu nje ya msikiti. Mume wangu akalala chini. Mkulima akalala ubavuni pake. Safari hii mzee hakubaki langoni. Alikuja hadi nyuma ya mwanawe kabisa, na mimi nikasimama karibu yake, bega kwa bega.

Mume wangu akavuta pumzi. "Bismillahi Allahu akbar!"

Sungura waliinua vichwa. Wakatutazama, wakarudi kula. Ule mlio wa mlango wa kabati ukasikika, na mmoja wao akaanguka ubavu, akatulia.

Mume wangu alikimbia hadi pale, akamwinua kwa miguu ya nyuma, akarudi mbio. Sijamwona na uso ule tena, hata siku ya kuzaliwa watoto. "Baba! Umemwona? Umesikia?"

Mkulima alikuwa anapangusa macho. Huenda ni upepo. Mzee alimtazama sungura, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, na niliona jinsi alivyojivunia mwana huyu, kwa sababu kidevu kilimtikisika. Kisha akasema, "Sikusikia."

"Nini?"

"Bismillahi. Sikuisikia miye."

"Baba! Nimepiga kelele! Hata huyu Mzungu kasikia!"

Mkulima, aliyetafsiriwa maneno haya, alisema kwamba kasikia vizuri, na matamshi yalikuwa safi.

"Yeye na aile yeye," mzee akasema. "Wasasi wana sheria zao. Asiyesikia hali."

Mzee huyu akiwa chumbani kwake juu, mlango umefungwa, alikuwa akisikia nikifungua pakiti ya biskuti jikoni. Mume wangu anajua hivyo vizuri kuliko mimi. Alifungua mdomo kubisha, akaufunga, kisha akanigeukia mimi niliyesimama palepale aliposimama baba yake.

"Mwambie wewe. Si umesikia?"

Mzee hakunitazama. Aliangalia mbele, shambani, lakini mkono wake ulikuwa umeikaza fimbo hadi vifundo vimepauka. Ndipo nilipoelewa kwamba baridi zile mbili sikuwa nikiogopa peke yangu.

"Hata mimi sikusikia," nikasema.

Sungura shambani waliendelea kula. Mume wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine, baba yake, mimi, tena baba yake, na uso ule wa furaha ulimtoka polepole, ukaja mwingine ambao ulimchukua muda kukaa sawa. Akamkabidhi mkulima sungura wake. Akasafisha koo, akamuuliza kwa Kiingereza kama itakuwa usumbufu tukija tena mwakani.