Golikipa Aliyefumba Macho

Nilijifunza kazi ya kurasa kabla sijagusa kompyuta. Katika ujana wangu nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, upande wa Nyankunde, na mzee aliyenifundisha alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza. Karatasi iliyoharibika, ikiwa ni ya hesabu za shule au tangazo la chanjo, iliuzwa kwa wamama wa soko wafungie karanga. Karatasi yenye Neno la Mungu haikuuzwa. Ilichomwa, na majivu yakafukiwa nyuma ya kiwanda. "Neno haliko la kufungia karanga," alituambia. Sisi vijana tulicheka, lakini shimo tulichimba.

Vita vilipotutoa kule nikaja Bunia, na kwa neema ya Mungu nikapata mahali pa kujifunza kompyuta nikiwa tayari na mvi. Sasa natengeneza tovuti za shule, za famasi, za nyumba za wageni. Kazi ni ileile. Ukurasa mtupu huwezi kuupima. Lazima uujaze maneno, hata ya bure, ili uone kama jicho linapita vizuri. Wenzangu vijana hujazia Kilatini fulani kisicho na maana, kinachojulikana na mafundi wote wa kazi hii. Mimi kilinishinda mapema. Mteja wangu wa kwanza, muumini mkali wa kanisa la Kiprotestanti, aliona Kilatini kile kwenye ukurasa wa duka lake la saruji akaniuliza kwa upole kwa nini nimemwekea misa ya Kikatoliki.

Kwa hiyo nikaanza kujazia mpira.

Napenda mpira, namshukuru Mungu kwa furaha hiyo. Napenda ule wa mtaani, kwenye uwanja wenye mteremko ambako mabao yote hufungwa upande wa chini, na napenda ule wa Ulaya kwenye televisheni. Napenda pia kujua ni mwanamuziki gani wa Kinshasa amegombana na mwenzake, na kwa nini amevaa koti la manyoya katika joto lile. Mke wangu hufuata filamu za mfululizo, nami hukaa karibu naye na gazeti mkononi, nikisikiliza kama mama mkwe ameshagundua siri. Yote hayo yaliingia katika kurasa zangu za majaribio. Famasi moja, kabla haijapata maneno yake yenyewe, ilieleza jinsi kwinini alivyoingia uwanjani kipindi cha pili kuchukua nafasi ya paracetamol aliyechoka. Mwenye famasi alicheka, kisha akaniletea maneno yake upesi.

Aliyenisaidia kutunga mambo hayo alikuwa rafiki yangu, mzee wa kanisa kama mimi. Familia yake ilitoka Kivu ya Kaskazini, na yeye hununua samaki Kasenyi, kando ya ziwa, na kuwauza katika soko letu. Akimaliza kuuza alikuja ofisini kwangu akinuka ziwa, akakaa kwenye kiti cha wateja. Jumamosi tulikwenda pamoja kwa jirani mwenye dekoda, tukatazame mpira kwenye televisheni yake. Nilimwita Kocha, maana kila timu iliyofungwa ilifungwa kwa sababu haikumsikiliza. Yeye aliniita Muamuzi, kwa kuwa nilimsahihisha maneno, na jina hilo nililipenda kwa sababu limo katika Maandiko. Wake zetu walisema wamezeeka na watoto wawili wasiokua.

Kanisa letu lilipotaka tovuti, baraza la wazee lilinipa mimi kazi hiyo. Nilishukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Nilikuwa nimewapangia kurasa wauza saruji na mabati, na sasa ningepanga za nyumba ya Mungu. Kwa umri wangu nilijua huenda nisipewe tena kazi kama hiyo. Nikajenga ukurasa wa historia, wa mahubiri, wa ratiba ya ibada, wa matangazo ya misiba. Maneno yenyewe yalikuwa hayajafika, maana mchungaji alikuwa bado anayaandika. Nikahitaji cha kujazia.

Kocha alipendekeza mistari ya Maandiko. "Si iko mingi?" alisema. "Twaa hata ile ya kwanza kabisa."

Ndipo nikamweleza habari ya karanga. Nilimweleza taratibu, kwa sababu ni jambo ninalolibeba tangu ujana: maneno ya kujazia hukatwa katikati ya sentensi, hurudiwa ovyo, mwisho hufutwa yote kwa mkupuo. Siwezi kulitendea Neno hivyo. Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

"Kweli, Muamuzi. Basi tujaze mupira."

Tuliandika mechi ya mashemasi na waimbaji. Mashemasi waliingia uwanjani na viatu vya Jumapili. Waimbaji walikataa kuanza mpaka wapewe noti. Kwenye ukurasa wa mahubiri ilibaki nafasi pana, na Kocha akasimama katikati ya ofisi, akanyoosha mikono, akafumba macho.

"Andika," alisema. "Golikipa yetu ni muchungaji. Mupira inakuja, yeye iko anaomba, macho imefungwa. Mupira inapita. Anasema amina, anakuta siye tumefungwa."

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Nikaandika kama alivyosema, nikirekebisha sarufi tu.

Kurasa zilizokamilika niliziweka katika folda niliyoiita "kanisa". Za kujazia niliziweka katika folda niliyoiita "dunia", ili zisichanganyike, na anwani ya majaribio ikaishia na neno hilo. Anwani hiyo nilimpa Kocha peke yake, aniangalizie kama ukurasa unakaa vizuri kwenye simu ya kawaida.

Siku chache kabla ya ufunguzi nilifungua kundi la wazee kwenye simu, mahali ambapo kwa kawaida tunapeana habari za wagonjwa na za mikutano. Niliikuta anwani ileile, imetumwa na Kocha, bila neno lingine. Nilielewa mara moja. Ana mdogo wake Butembo, mwenye kupenda mpira, na Kocha alikuwa ameniambia atamtumia acheke. Kidole kimeteleza, nikasema moyoni, na kwa kweli nilitabasamu. Nikampigia simu nimwambie aifute. Hakushika. Niliporudi katika kundi nikakuta ameongeza maneno.

"Wazee, muangalie wenyewe kitu gani iko inaandaliwa kwa jina ya kanisa letu."

Nilisoma nimesimama. Kisha nikatafuta kiti.

Tuliitwa barazani mchana uleule, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Nilikwenda na tumaini moja. Angesimama na kusema: tuliandika wawili, na sababu ilikuwa hii. Yeye ndiye aliyeisikia sababu hiyo ofisini kwangu, kabla ya shida yoyote. Nikiisema mimi, sasa, mbele ya baraza, ingesikika kama kisingizio. Akiisema yeye, ningebaki na kazi yangu, na tungeonywa wote wawili na kurudi nyumbani.

Mchungaji wetu ni mtu mpole, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alisoma kwa sauti kutoka kwenye simu, na alipofika kwenye mashemasi na viatu vyao nadhani mdomo wake ulitaka kucheka. Lakini hakuna mzee aliyecheka, naye akauzuia. Mmoja akataka kujua kwa nini anwani inaishia na neno "dunia", na je, nimeileta dunia ndani ya kanisa. Nilijibu kwamba ni folda tu, ya kuhifadhia yasiyo ya kanisa. Wakatazamana. Nililisikia jibu langu mwenyewe likianguka vibaya.

"Na hii ya golikipa," mchungaji akauliza, "nani aliiandika?"

Nimefundishwa kwamba ndugu akikukosea umwendee kwanza ninyi wawili, peke yenu. Sikuweza kumtaja mbele ya watu kabla sijamwendea. Nikasema ukurasa ni wangu, na hiyo ilikuwa kweli. Kisha nikanyamaza ili kumwachia nafasi, kama mtu anavyosogea kwenye benchi mwenzake akae.

Kocha akakohoa.

"Miye alinionyesha tu," akasema. "Nilimwambia ndugu muzee aweke mistari ya Neno. Alikataa. Alisema Neno haiko ya kuweka pale."

Ukiondoa ile "tu", hapakuwa na uongo ndani yake. Nilimwambia hivyo kweli. Ila alikuwa amechukua jambo nililomwamini nalo, akaligeuza upande wa pili, likawa mashtaka. Na lile jina, ndugu muzee. Katika miaka yote ya urafiki wetu hakuwahi kuniita hivyo. Ndivyo tunavyoitana barazani na watu tusiowazoea.

Nilieleza habari ya karanga. Ilisikika kama nilivyoogopa. Baraza likaamua nipumzike kwanza kukaa katika benchi la wazee, na tovuti ikamaliziwe na kijana wa kanisa jingine. Mchungaji aliniwekea mikono kichwani akaniombea, na aliomba vizuri, kwa huruma. Alifumba macho kwa muda mrefu. Mungu anisamehe, mimi yangu yalikuwa wazi, na niliona mpira ukipita.

Nikamwendea Kocha sokoni, peke yangu, kama nilivyofundishwa. Alikuwa akipanga samaki. Aliponiona akamwacha mteja wake akishika mizani. Hakujitetea mwanzoni. Alisema alikuwa akimtumia mdogo wake, akakosea kundi, na kabla hajafuta akaona wazee wamekwisha kufungua.

"Niliona jina yangu pale juu ya ile anwani, Muamuzi," alisema. "Niliogopa."

Nikamwambia kuogopa si dhambi kubwa, na kwamba bado anaweza kwenda kwa mchungaji na kusema kweli yote. Alifuta mikono kwenye aproni yake, polepole, kidole kwa kidole.

"Nikisema sasa, siye wawili tunaanguka. Afadhali aanguke mumoja, hapana?"

Mtu aliyesoma Injili anajua kwamba kuhani mkuu alisema maneno yanayofanana na hayo, na juu ya nani. Sikumkumbusha. Nilijiambia tu kwamba wahenga waliona mbali walipotufundisha heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole chake nilikuwa nimekisamehe kabla hajanipa maelezo. Alinifungia samaki, mmoja mkubwa, nikampokea, kwa sababu kukataa chakula cha mtu ni kumhukumu, na siku hiyo sikutaka kuwa mwamuzi wa mtu. Mke wangu alimkaanga. Alikuwa mtamu, na hilo pia liliniumiza.

Jumapili ya ufunguzi tovuti ilionyeshwa kwenye shuka jeupe mbele ya kanisa. Nilikaa nyuma. Zilikuwa kurasa zangu, rangi zangu, nafasi nilizozipima mimi, na watu walisema amina. Mahubiri ya mchungaji yalikuwa bado hayajakamilika, na yule kijana, mahali palipokuwa na golikipa wetu, alikuwa amejazia kile Kilatini. Nilisubiri mtu aulize kuhusu misa. Hakuna aliyeuliza. Mzee aliyekaa mbele yangu alimnong'oneza jirani yake kwamba hapo ndipo unaona kazi ya msomi.

Nje, baada ya ibada, Kocha alinifuata. Alikuwa na koti lake jipya, na alitembea pembeni yangu hadi kwenye geti. Kisha akasema kwamba jirani mwenye dekoda amenunua mabenchi mapya, na mechi ya leo ni saa kumi.

"Nimekuwekea nafasi, Muamuzi. Karibu na ukuta, pale unapenda."

Nilikuwa nimekwisha kumsamehe. Nalisema hilo mbele za Mungu ninayemtumikia: nilimsamehe kwa magoti, asubuhi na tena asubuhi iliyofuata, mpaka moyo ukatulia. Nilitaka kwenda. Nilifungua mdomo nimwite Kocha, kama zamani, nikalitafuta jina hilo, na halikuja.

"Asante, ndugu muzee," nikasema.

Alisimama pale getini, kofia mkononi, akiniangalia kama mtu anayesubiri neno lingine. Nikampa mkono, kama tunavyopeana sote baada ya ibada, nikashika njia ya nyumbani.