Miaka Yangu ya Kufundisha Watu Kurudi Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini niliwafundisha wanaume watano kufanya kinyume kabisa cha kazi yao, na niliwafundisha kwa sauti kubwa. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wakiiona ile picha yangu pale klabuni, filimbi shingoni na tumbo limetangulia, wanadhani nilizaliwa najua. Nilikuwa nimeajiriwa kutunza vifaa.

Klabu yetu ni ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya bandia, hapa kusini mwa Stockholm. Mchezo wenyewe sikuupenda. Niliipenda stoo yao, maana ilikuwa mtaani kwetu Jordbro, dakika saba kwa miguu kutoka mlangoni kwangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilitoka Tanga ujanani kuja kujifunza ufundi wa mashine, na tangu nifike sijaona sababu ya kwenda mbali zaidi. Nilipopunguziwa saa za kazi ghalani, Mwenyekiti wa klabu aliniuliza kama naweza kuhesabu kofia. Nikamwambia nina kidato cha nne. Akasema inatosha.

Siku hiyo ya kwanza kocha wa ukuta aliamka mgongo umekaza. Ukuta ni wale wachezaji watano wanene wanaosimama mbele ya mrushaji, yule anayeushika mpira na kutafuta wa kumrushia. Kocha Mkuu, Mswidi mrefu aliyewahi kucheza Marekani, alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akaona mwili unafaa.

"Rajabu, kasimame nao tu," akasema.

Nikasimama. Lakini kusimama kimya sijui, basi nikawaambia: "Wanangu, mwanamume harudi nyuma. Mkimwona mtu anakuja, mfuateni hukohuko."

Wakafuata. Washambuliaji wa upande wa pili wakawapisha kwa adabu, wakazunguka, na watatu wao wakamlalia mrushaji wetu kwenye tope. Kocha Mkuu akaja taratibu, mikono mfukoni.

"Umewaambia nini?"

"Wasirudi nyuma."

Akasema kwa upole, kama Waswidi wanavyosema wakikasirika: "Rajabu, hawa watano kazi yao ni kurudi nyuma."

Hapo ndipo shule yangu ilipoanza. Mrushaji akitaka kurusha, ukuta unarudi nyuma kwa hatua fupi na kumjengea chumba cha kusimama. Chumba hicho hakidumu. Ni muda wa kusema bismillahi na kumeza tonge. Mlinzi wa nje, yule wa mwisho wa ukuta, hatembei, anateleza kwa ile niliyoiita hatua ya kaa: mguu wa nje unatangulia nyuma, wa ndani unaufuata, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, na miguu haipandani kamwe. Mikono inakaa ndani, kifuani kwa mgeni, yaani mshambuliaji anayekuja, viwiko vimebanwa. Ukiiachia ikatoka nje ukashika jezi, mwamuzi anatupa kitambaa cha njano na timu nzima inarudishwa kwa ajili yako. Na washambuliaji wawili wakipishana ili kuwachanganya, usimkimbilie wako. Mkabidhi kwa mwenzako, nawe umpokee wa kwake, kama watu wanavyopokezana wageni mlangoni siku ya harusi.

Mambo haya yaliniingia haraka kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyetumia maisha yake akitafuta sababu za kutotoka nyumbani anajua thamani ya chumba kisichoingiliwa. Mgongo wa kocha wa ukuta haukupona, na mwaka uliofuata Mwenyekiti akanikabidhi filimbi. Kofia niliendelea kuzihesabu.

Wachezaji wengi wamepita mikononi mwangu, lakini nikikaa na kahawa yangu ninayemkumbuka kwanza ni Eliya, kijana wa mtaa wa Vårby gård. Wazazi wake ni Warundi, mama yake anafanya kazi jikoni katika shule. Mama akimsemesha Kiswahili, mtoto anajibu Kiswidi, na wote wawili wanaona ni mazungumzo ya kawaida. Kwangu alijitahidi kusema Kiswahili. Alipokea chupa ya maji kwa mikono miwili, na mkubwa akimsemesha aliinamisha macho. Nilimweka mwisho wa ukuta kushoto. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia hageuki kutazama upande huo, kwa hiyo anayesimama pale analinda mgongo wa mtu asiyemwona. Kwa mwili na kwa tabia, nafasi ile ilikuwa yake.

Eliya alitaka kitu kimoja: kusomea uhandisi wa majengo katika chuo cha Marekani, na mpira ndio umpeleke. Kule kila chuo kina kocha msajili, ambaye kazi yake ni kutafuta wachezaji. Kwanza unamtumia video. Sasa, video ya mlinzi hodari haina kitu. Unaona mtu anarudi nyuma, mpinzani wake hapiti, mpira unarushwa kwingine. Tulituma dakika nne za mambo yasiyotokea, na kocha msajili mmoja wa chuo kikubwa akaelewa. Akaomba kuzungumza nasi kwa simu ya video.

Tuliketi watatu ofisini klabuni: Kocha Mkuu, mimi, na Eliya katikati akiwa na shati la kanisani. Yule bwana akauliza kama huyu ndiye mlinzi bora tuliyewahi kuwa naye. Kocha Mkuu akafikiri, akajibu kwamba kijana yuko sawa tu. Kwa Mswidi, hapo amemwimbia mashairi. Mgeni wetu hakuwa Mswidi, akanigeukia mimi.

Kwetu, anayemsifia mtoto wake mbele ya watu amewanyima wengine nafasi ya kumsifia, tena amemwitia kijicho. Nikasema: "Anajitahidi. Bado anajifunza. Tumwombee."

Mwisho akamuuliza Eliya mwenyewe kama anataka kuja. Eliya, macho kwenye zulia, akasema, "Mkinipokea, nitashukuru."

Yule bwana akatushukuru sote, akakata simu. Tukapeana mikono. Tuliona tumefanya vizuri sana, na kwa heshima.

Baada ya wiki kadhaa Kocha Mkuu aliniita stoo, akanionyesha barua pepe. Waliandika kwamba wanatafuta mchezaji ambaye makocha wake wanamwamini. Tulisimama pale kati ya kofia, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kocha Mkuu akaniachia nimpe Eliya habari, kwa kuwa ni wangu. Nami nikamwambia Eliya, na mama yake, kwamba Wamarekani wana mambo mengi, labda wamesahau. Mama Eliya akasema, "Si kitu, Mzee. Mungu hasahau." Maneno hayo yalinikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Eliya akaomba kazi ghalani, akaanza kuvaa kizibao cha kung'aa kama changu cha zamani.

Aliyenifumbua macho ni Mama Akinyi, jirani yangu wa mlango wa pili, Mkenya wa Kisumu, anayefanya kazi katika nyumba ya wazee. Jumatano ni zamu yangu ya kufua katika chumba cha chini cha jengo letu, na yeye ana zamu baada yangu. Huja mapema makusudi ili nione aibu nimalize haraka. Nikamsimulia huku nakunja mashuka.

"Ngoja," akasema. "Mtu anatafuta mlinzi, wewe unamwambia 'tumwombee'?"

"Ni adabu."

"Mzee Rajabu, hapo kijana amesikika kama mgonjwa. Sasa ni mzuri ama si mzuri?"

"Sijapata kumwona kama yeye."

"Si ungesema hivyo?"

"Kwetu hatusemi hivyo."

"Kwenu ni wapi? Kwenu ni hapa, ghorofa ya pili. Nyinyi Watanzania mtazikwa na heshima yenu. Na huyo mama umemwambia ukweli?"

Nikakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Tangu siku hiyo Jumatano zangu zikawa za mazoezi. Mama Akinyi alikuwa kocha msajili, mimi nilikuwa mimi, kazi ngumu zaidi. Aliniuliza, "Mlinzi wako yukoje?" Nikaanza, "Alhamdulillahi, si mbaya..." Akanitupia soksi yenye maji. "Anza tena." Eliya naye nilimfanyisha zoezi lake: asimame, anitazame machoni, aseme anachokitaka. Siku ya kwanza alitazama sikio langu. Wiki ya tatu akanitazama, ikabidi mimi ndiye nitazame pembeni.

Masika ya mwaka huo, chuo kingine kidogo kiliiona ile video ya mambo yasiyotokea. Kilikuwa chuo cha miaka miwili, huko kwenye mashamba ya mahindi. Nikaomba simu ipigwe kwangu, Jumamosi mchana, kwa kuwa nyumbani kwangu nina nguvu. Eliya alikaa kwenye kochi. Mama Akinyi alijileta na kikapu cha nguo, akasimama mlango wa jikoni, kwa sharti kwamba hasemi kitu.

Kocha msajili akauliza lile lile swali. Nilihisi "anajitahidi" linapanda kooni, nikalimeza.

"Ndiye bora niliyewahi kumfundisha," nikasema. "Msimu mzima jezi ya mrushaji wetu haikuchafuka mgongoni. Anayempita huyu bado hajafika Sweden."

Nikatazama jikoni. Mama Akinyi akanionyesha kwa kidole: endelea. Nikaendelea. Nilizungumzia miguu yake, mikono yake, jinsi anavyompokeza mwenzake mgeni bila kugeuza kichwa. Kasoro yake? Nikasema ana adabu nyingi kuliko mchezo unavyohitaji, na kosa hilo ni letu sisi wakubwa wake.

Eliya akainua macho kabla hajaulizwa. "Nataka kuja," akasema. "Nipeni mtu wa kumlinda mgongo, mtaona."

Walimchukua. Mama yake alilia kwenye treni ya uwanja wa ndege na mtoto akamtuliza kwa Kiswidi.

Baada ya miaka miwili chuo chake kikafika mwisho, ikaja habari ya Eliya kuhama. Kule mchezaji anaweza kuandikisha jina lake miongoni mwa wanaotaka kuhama, vyuo vingine vikalisoma, halafu vinawapigia watu waliomlea kimchezo. Wakanipigia na mimi. Kufikia hapo nilikuwa nimeizoea sana kazi ya kusifu, na kocha wa chuo kikubwa alichohamia aliniomba mara mbili nipumzike. Msimu wa kwanza Eliya akakaa benchi, wa pili akasimama mwisho wa ukuta kushoto, na shahada ya majengo akaipata.

Mimi nilistaafu vuli iliyopita, magoti yalipokataa hatua ya kaa. Klabu ilinifanyia kahawa na keki ya krimu. Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akasema: "Rajabu amekuwa sawa tu." Watu wakapiga makofi, nami ikabidi niende stoo kuhesabu kofia mpaka macho yakauke.

Vijana mnaoichukua kazi hii, mtafundishwa mengi kwenye kompyuta, na mengine yana maana. La kwangu ni dogo. Mlinzi anarudi nyuma akimkabili mgeni uso kwa uso. Akigeuka kumpa mgongo, hapo hajarudi nyuma, amekimbia. Niliwafundisha wengine hivyo miaka yote, na mwenyewe nilikuwa na jambo moja nililoligeuzia mgongo.

Jumapili iliyopita Eliya alikuja kwangu pamoja na mama yake. Ameajiriwa hapa Stockholm, anakagua majengo, na sasa mlangoni kwangu anaingia kwa ubavu. Mama Eliya alileta ndizi na maharagwe katika sufuria iliyofungwa kwa taulo. Mama Akinyi, aliyesikia harufu tangu ngazini, alikuwa ameshakaa. Kabla ya kupakua, Mama Eliya akasimama kunishukuru rasmi.

"Wale wa kwanza walimsahau mtoto wangu," akasema, "lakini wewe, Mzee, hukumsahau."

Eliya alikuwa ananitazama machoni, kama nilivyomfundisha. Mimi nikatazama zulia.

"Sikufanya kitu, Mama Eliya," nikasema. "Ni juhudi zake tu."

Mama Akinyi akaweka sahani chini.

"Mzee Rajabu, wacha uongo. Simu ya kwanza uliiharibu wewe, simu ya pili ukaitengeneza wewe. Mwambie mama wa watu yote mawili, halafu tule, ndizi zinapoa."