Tulihama Bila Mtu wa Shoka

Shangazi yangu anauza mgongo wazi mtaani Obunga, yaani mifupa ya samaki mbuta baada ya kiwanda kuchukua nyama yote na kutuachia heshima. Likizo ikifika nakaanga naye. Mkono mmoja unageuza samaki, mwingine umeshika simu, na wateja humwonya kwamba huyu mtoto siku moja ataanguka ndani ya karai.

"Akianguka nitamuuza," shangazi hujibu. "Mifupa anayo."

Wateja waliamini nilikuwa naongea na wasichana. Nami pia ningependa iwe hivyo. Kumbe ilikuwa kibodi.

Kibodi yenyewe ni ya Dholuo. Ukiiweka kwenye simu unaandika lugha yako bila simu kujifanya mwalimu wa Kiingereza na kukusahihisha. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi mtandaoni, yeyote anausoma, yeyote anaurekebisha, na halipwi mtu. Tulioijenga tulikuwa wachache, kila mmoja na kona yake ya dunia. Mwenyekiti wetu ni mama mzaliwa wa Pap Onditi anayeishi nchi ya baridi. Aliyeniingiza mimi ni kijana wa Usenge, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa.

Nilimwona ana kwa ana mara moja tu, shangazi aliponipeleka ufuoni kwao kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na laptopu yake ilikuwa imeshikwa na selotepu kila upande kama mgonjwa wa ajali. Akaniuliza kama najua Dholuo vizuri.

"Najua kutukana," nikamwambia.

"Basi njoo. Matusi ndiyo hatuna."

Nilipotuma marekebisho yangu ya kwanza, maneno ya jikoni, aliandika chini yake: "Karibu, mdogo wangu. Safisha mikono kabla ya kugusa vingine." Mimi ni mtoto wa pekee. Hakuna mtu alikuwa ameniita mdogo wake. Nikaanza kumwita kaka, na kwenye ukurasa wa kuripoti hitilafu nikawa nachekesha kila siku, kwa sababu yeye alikuwa anacheka. Kisha akapata kazi mbali na akanyamaza. Niliendelea kuchekesha. Wengine walicheka, lakini si unajua, unapiga kichekesho huku unaangalia mlango.

Jukwaa tulimokuwa tumeweka msimbo wetu likawa kama landlodi wa Obunga: kila ukiamka kuna sharti jipya. Mwenyekiti akatangaza kwamba tunahamia jukwaa jingine. "Kila mtu afungue akaunti kule mapema," aliandika. "Roboti itabeba kila kitu. Ikikupata kule, itaweka jina lako kwenye maneno yako. Isipokupata, itaweka jina lake."

Kwetu mtu akihamia boma jipya, baba hubeba jogoo, mama hubeba moto, mwana wa kwanza hubeba shoka. Na mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Kwa hivyo nikauliza mbele ya wote, "Mama, tunahamaje bila jogoo?"

"Jogoo ninaye," akajibu. "Moto pia, huku ni baridi. Mtu wa shoka yuko wapi?"

Kila mtu alijua ni nani.

"Tumngoje," nikaandika. "Mimi kitindamimba siwezi kumtangulia kaka. Akifungua akaunti, na mimi nafungua nyuma yake."

Walicheka sana. Lakini siku hiyo sikuwa nachekesha. Nilidhani nikimwita mbele za watu ataona haya na aje.

Shule ikafunguliwa. Mimi niko bweni, na deputi wetu, naibu wa mwalimu mkuu, ananusa simu kuliko mbwa wa polisi. Muhula mzima mwalimu wa hesabu alikuwa anaongea na ubao, na mimi nilikuwa naongea na kaka kichwani: fungua basi, buda, fungua.

Niliporudi likizo, ukurasa wa zamani ulikuwa umefungwa. Unasoma tu, huandiki. Nikaenda ule mpya. Kila kitu kilikuwa kimefika salama isipokuwa mimi. Vichekesho vyangu vyote, hata vile vya kumsengenya deputi, vilikuwa vimesemwa na roboti. Mgeni mmoja alikuwa ameandika, "Hii roboti ina maneno! Nani aliifundisha?" Watu wamempa mioyo. Nilitaka kumjibu, lakini sikuwa na akaunti.

Nikamwandikia Mwenyekiti barua pepe. Akajibu: "Pole, baba. Nilisogeza siku ya kuhama kwa ajili yako, nikasogeza tena. Sasa majina hayabadiliki. Njoo uanze upya."

Nikauliza swali moja tu: mtu wa shoka alikuja?

"Hapana, baba. Tulihama bila yeye."

Shangazi akaniona. "Wewe baba, umefiwa?"

"Hapana. Tumehama."

"Nani amehama? Si tuko hapa hapa na moshi wetu?"

"Wenzangu wamehama. Mimi nilikuwa nangoja mtu."

Akageuza mgongo mmoja, akageuza wa pili. "Huyo mtu alikuambia umngoje?"

Nikatafuta kichekesho. Hakikuja. "Hapana, shangazi."

"Haya. Leta chumvi."

Nikaleta chumvi, kisha nikafungua akaunti. Ukurasa wangu ulikuwa mweupe kabisa, umeandikwa kwamba bado sijachangia chochote. Nikatafuta yale maneno yangu ya jikoni. Yapo, yametumwa na roboti. Na chini yake, roboti tena: "Karibu, mdogo wangu. Safisha mikono kabla ya kugusa vingine." Roboti ilikuwa inajikaribisha yenyewe.

Nilikaa na hiyo simu mpaka samaki wakaanza kuungua na shangazi akanirushia mwiko. Ndipo nikaandika hapo chini, kwa jina langu mwenyewe: "Nimekutangulia, kaka. Nimesafisha mikono."

Ilikuwa uongo. Kioo chote kilikuwa mafuta.