Sufuria Zilizovuja Msimu wa Mvua

Mimi na mume wangu tunayeyusha aluminiamu chakavu hapa Kamembe na kutengeneza sufuria. Yeye hushughulika na tanuri. Mimi hushindilia mchanga wa kalibu, lile umbo ambamo aluminiamu ya moto humiminwa. Kazi hii tuliianzia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tukarudi nayo nyumbani.

Msimu mmoja wa mvua, mama mmoja wa kisiwa cha Nkombo anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alifika karakana na sufuria yetu kichwani. Hakutusalimu. Aliijaza maji, akaiinua juu. Baada ya muda kitako kikaanza kutoa matone madogo, kama jasho.

"Ona, Maman! Nilitia mafuta, ikadondoka mu moto, moto ikaruka. Batoto bangu balikuwa pembeni."

Watoto hawakuungua, alisema, lakini hakutaka tena kupikia kitu chetu. Akaiacha sufuria chini, akaondoka.

Mume wangu alilaumu aluminiamu. "Ni ile ya mainjini. Imechoka."

"Papa, ikiyeyuka inachokaje?"

Tulibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mwishowe nilichukua nyundo, nikaipasua ile sufuria, kisha nikapasua na nyingine zilizokuwa tayari kuuzwa. Yeye alinitazama tu, mikono kiunoni.

Mahali palipovunjika palikuwa na vitundu. Niligeuza vipande juani. Kama aluminiamu ingekuwa imesinyaa ilipokuwa inapoa, vitundu vingekuwa na kingo za kukwaruza, na vingejikusanya penye unene, karibu na mikono ya sufuria. Hivi vilikuwa vya mviringo, laini, vinang'aa, vimetawanyika kila mahali kama ndani ya andazi.

"Ni hewa," nilisema. "Maji yameingia mahali, yakatoa hewa ndani."

Mume wangu akageuka kuangalia lundo la chakavu lililokuwa linanyeshewa uani. Mimi nikauangalia mchanga wangu, ambao nilikuwa nauloanisha kama kawaida ingawa mvua ilishauloanisha. Akacheka, nami nikacheka.

"Basi ni siye wote wawili," akasema.

Tuliezeka mabati juu ya chakavu, na kila kipande kikawa kinakaushwa kando ya tanuri kabla ya kuingia. Mchanga niliutia maji kidogo tu, ushikamane nikiufinya bila kuniachia unyevu kiganjani, na nikautoboa kwa spoki ya baiskeli ili mvuke upate pa kutokea. Yeye akaacha kuchochea moto kupita kiasi, maana aluminiamu iliyopata moto sana hunywa hewa zaidi. Kabla ya kumimina, tulipoza donge dogo kwenye kikombe cha chuma. La kwanza lilivimba juu: hewa ilikuwa bado imo. Tukasubiri, tukarekebisha. Lililofuata likabonyea kidogo katikati, nikapiga vigelegele.

Sufuria mpya niliipeleka Nkombo mwenyewe kwa boti. Yule mama aliipangusa kitako mara kadhaa kwa kanga yake, akatia mafuta, akainama kuchungulia chini ya jiko. Pakavu. Akamwaga sambaza ndani, zikaanza kuimba.

"Kaa, Maman, tukule," akasema, akanisogezea kigoda.

Tulikula kwa vidole, na chumvi na pilipili, huku watoto wake wakigombania zilizoungua kidogo. Zile ndizo tamu zaidi, waliniambia, na walikuwa sahihi.