Anwani Moja ya Mtaa Mzima

Mtaani kwetu Kariakoo tulikuwa na sanduku moja la posta. Lilikuwa la mzee wa duka la vitambaa, Mhindu aliyelirithi kwa baba yake pamoja na duka na ugonjwa wa kisukari. Barua za watu wote zilipitia kwake: za posa, za shule, na zetu kutoka Kilimanjaro. Mtu akiulizwa anwani alitaja namba ya mzee bila kupepesa macho, na mzee mwenyewe aliona hivyo ndivyo dunia inavyotakiwa kwenda. Kwa hiyo barua pepe ilipoingia mjini, hakuna aliyehitaji kufikiri. Mzee alikwenda intaneti kafe ya Mchafukoge, akafungua anwani moja, akarudi kututangazia kwamba mtaa sasa una barua pepe. Neno la siri tulilijua wote. Alikuwa ameliandika kwa chaki juu ya mlango wa duka, upande wa ndani, ili wageni wasilione.

Mama yangu alikuwa na kibanda mbele ya duka hilo, pembeni ya nguzo ya umeme. Aliuza sufuria na ndoo za plastiki. Alikuja mjini na baba, baba akafariki, kisha mambo yakawa ruksa na kila mtu akaanza kuuza anachoweza pale anapoweza. Mama akapanga sufuria zake chini na hakuondoka tena. Kibanda hakikuwa na jina. Wateja wa kutoka Buguruni walijua nguzo, na walijua kwamba chini ya nguzo kuna mama. Angehamishwa pale, hata kwa heshima zote, wasingempata, na sisi watoto wake tungelala njaa.

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo hiyo. Ofisi moja ya serikali, ambayo sitaitaja kwa kuwa mama bado anahitaji leseni, ilitaka kuondoa vibanda ili magari yapate maegesho. Lakini zama zilikuwa zimebadilika. Zamani wangekuja alfajiri na greda. Safari hii waliomba kwanza maoni ya wananchi, tena yatumwe kwa barua pepe.

Mtaa ulifurahi. Sijawahi kuona watu wanaokaribia kubomolewa wakifurahi vile. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti cha kompyuta ambacho hakikuwa kimenipatia kazi yoyote, nikateuliwa kuwa mwandishi. Walikuja kafe mmoja mmoja, wamevalia vizuri, kama watu wanaokwenda kupiga picha studio. Fundi saa alieleza historia ya ukoo wake. Mama lishe alianza kwa kuwasalimu watu wa ofisi, wake zao na watoto wao, na alikataa nipunguze hata salamu moja. Mzee wa vitambaa hakuwa hatarini, duka lake lilikuwa na kuta, lakini aliandika kwamba bila vibanda mtaa utakuwa kimya na yeye hawezi kulala usingizi wa mchana pakiwa kimya.

Mama alisema maneno machache. "Andika kwamba pale ndipo ninapowasomeshea watoto. Basi. Mwenye akili ataelewa."

Nikatuma yote kutoka kwenye anwani ile moja ya mtaa, kila maoni na jina la mwenyewe chini yake. Nilijiona mtu muhimu sana.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa shule. Alikuja kijana wa ofisi, tai shingoni, na kompyuta iliyomulika maandishi ukutani. Alisema ushiriki wa wananchi ulikuwa wa kuridhisha. Waliounga mkono mradi walikuwa wawili. Aliyepinga alikuwa mmoja.

Tukaangaliana, kila mtu akimtafuta huyo mmoja.

"Mmoja wa waliounga mkono ametuandikia kutoka Kanada," kijana akasema kwa fahari. Mtu huyo alikuwa amekuja likizo akakosa pa kuegesha gari. "Sasa huyu anayepinga ana matatizo. Anwani ni ileile, lakini kaandika mara nyingi kwa majina tofauti. Mara yeye fundi saa, mara mama lishe, mara ana duka la vitambaa. Kompyuta imemkamata."

Mzee wa vitambaa akasimama. "Kijana, ile anwani ni yetu sote."

"Sote kina nani, mzee wangu?"

"Mtaa."

"Mzee, mtaa hauna barua pepe. Mtu ndiye ana barua pepe."

Mzee alitaka kuanza habari za sanduku la posta. Akautazama ule mwanga ukutani, akakaa.

Mama akasimama. Huyu ni mwanamke ambaye mgambo waliwahi kumbebea sufuria zake, akawafuata hadi kituoni akipiga kelele njia nzima, akarudi nazo zote.

"Shikamoo mama," kijana akasema.

"Marahaba. Mimi nauza sufuria pale kwenye—"

"Samahani, mama. Maoni yako ulishatuma?"

"Nilituma. Binti yangu huyu ndiye aliyeandika."

"Basi yalishapokelewa, mama. Tuwape nafasi ambao hawajatoa."

Mama akakaa. Nilitamani kumvuta yule kijana kwa tai yake, na hasira ile ninayo hadi leo. Greda lingekuja, mama angelipigia kelele, na angalau dereva angemsikia. Nafasi ilitolewa kwa ambao hawajatoa maoni. Alijitokeza mlinzi wa shule, akaomba tuharakishe ili afunge ukumbi.

Asubuhi ya kuhama, watu wakifunga mizigo, mzee alinituma kafe kutazama kama kuna lolote. Kulikuwa na barua moja ya ofisi. Nikaichapisha, nikapita nayo kibanda kwa kibanda nikiisoma kwa sauti, maana ilikuwa ya wote. Ilisema: "Ndugu Mwananchi, tunakushukuru kwa kushiriki. Maoni yako yamezingatiwa." Fundi saa aliitikia asante. Mama lishe aliuliza kama wamerudisha salamu.

Mama alikuwa amepiga magoti, anapachika sufuria ndogo ndani ya kubwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wameandika mwananchi mmoja?"

"Mmoja, mama."

"Basi siyo mimi huyo," akasema, akaniomba nimshikie kamba.